Hodi ya Mtu Aliye Mbali



Juma hili nilikusudia tuendelee na mazungumzo yetu juu ya posa na mahari. Nayaweka kando kwa muda, kwa kuwa nyumbani kwa marehemu kaka yangu, pale Ibadakuli, Shinyanga, limetokea jambo ambalo naamini limekwishatokea au litatokea katika nyumba nyingi zenye mtoto aliye safarini na kompyuta iliyo dukani. Wenyewe wamenipa idhini ya kulieleza, kwa sharti la kutowataja majina, na sharti hilo nalitimiza kwa furaha.

Marehemu aliacha duka la vifaa vya ujenzi: saruji, nondo, mabati, misumari na rangi. Warithi wake, yaani mjane na watoto watatu, walikubaliana duka lisigawanywe kwanza, bali liendeshwe kwa pamoja na faida igawiwe kwa mafungu ya mirathi, mama akichukua thumni yake. Binti ndiye anayekaa dukani. Kaka yake mkubwa yuko Muskati, na ndiye mwenye elimu ya hesabu. Mdogo wao yuko upande wa Geita na huleta wateja kutoka machimboni. Kaka alinunua kompyuta, akaipanga, na tangu hapo kila usiku huiingia akiwa hukohuko Omani, akakagua mauzo, akalinganisha na fedha za simu, kisha akalala.

Naukiri uzuri wa mpango huu. Zamani baba yao alipeleka hesabu kwa ndugu zake kwa barua, na jibu likichelewa hadi mtu akasahau aliuliza nini. Leo mtu aliye ng'ambo ya bahari anaiona ankara dakika ileile inapoandikwa. Neema haikataliwi.

Sasa sikiliza yaliyotokea. Siku moja biashara ilikuwa nzuri, na wateja kumi na mmoja walichukua mali kwa mkopo. Binti aliyaandika madeni yote katika programu ya hesabu, ambayo ni ya kale na haiweki kitu chochote katika diski mpaka mtu abonyeze kitufe cha kuhifadhi. Daftari la karatasi lilikwishaachwa, kwa maana kaka alisema kuandika mara mbili ni kupoteza muda. Ilipofika magharibi, saa moja kasoro dakika kumi, binti aliinuka kwenda kusali chumba cha nyuma, na kompyuta akaiacha wazi kama ilivyo.

Muskati imetangulia saa moja mbele yetu. Kwa kaka sala ya isha ilikwisha, naye akaketi kufanya kazi yake. Alipoingia, mashine ilimwambia kuwa kuna mtu mwingine ndani, na kwamba akiendelea, mtu yule ataondolewa kwenye kioo, je, aendelee? Akabonyeza ndiyo. Palepale, kwenye kioo cha Ibadakuli, likatokea tangazo la kumwuliza binti kama anaridhia kupisha. Tangazo hilo hungoja nusu dakika. Asipojibu mtu, mashine huchukua ukimya kuwa ruhusa, humfunga aliyemo na kumkaribisha anayekuja.

Nilipoelezwa jambo hili na fundi niliduwaa. Sisi tumelelewa kubisha hodi mara tatu. Kimya kikiendelea, mtu hugeuza njia akarudi zake. Ndiyo adabu aliyotufunza Mtume (SAW), na ndiyo ada ya nyumba za Waswahili hata kwa asiyejua asili yake. Hapa tumenunua mlango unaofuata kanuni ya kinyume: asipojibiwa mtu, huingia. Simlaumu aliyeutengeneza, maana huenda alifikiria ofisi ambamo mtu amekwenda nyumbani na kusahau kufunga. Lakini mwenye nyumba anapaswa kujua kuwa mlango wake unafanya hivyo.

Binti alirudi kutoka kwenye sala akakuta kioo kimefungwa, kinadai neno la siri. Alidhani kimejifunga chenyewe kwa kukaa muda mrefu. Wakati wa kufunga duka ulikuwa umewadia, mteja wa mwisho anangoja chenji, basi akasema moyoni: nitahifadhi kesho. Wala hakukosea sana. Kazi yake ilikuwa bado hai. Mashine humpa kila aingiaye kikao chake, na kikao cha binti kilikuwa kimesimama nyuma ya pazia, programu iko wazi, madeni kumi na moja yamo, yanashikiliwa na kumbukumbu ile ambayo huishi kwa umeme tu.

Kaka hakuyaona. Yeye alikuwa katika kikao chake, safi, kisicho na kitu. Aliona tu kwamba mashine ni nzito. Saa tatu na dakika kumi na nne usiku kwa saa ya Ibadakuli akaamuru izimike na kuwaka upya. Mashine ikamwonya tena kuwa yuko mtu mwingine anayeitumia, na kwamba akiendelea, kazi ya mtu huyo ambayo haijahifadhiwa inaweza kupotea. Akabonyeza endelea. Baadaye aliniambia, na namsadiki, kwamba alidhani mtu huyo anayetajwa ni yeye mwenyewe.

Asubuhi binti akapiga simu: "Kaka, shikamoo. Madeni ya jana yote yamefutika."

Kaka akajibu: "Marahaba. Kompyuta haifuti kitu yenyewe, dada."

Neno hilo moja liliwakalisha bila kusemezana kwa majuma matatu. Kwa mwenye kulisikia, maana yake ni kuwa aliyefuta ni wewe. Na mwisho wa mwezi, mali ilipohesabiwa, ikaonekana pungufu, wala hapakuwa na deni lililoandikwa wala fedha iliyoingia. Mdogo wao wa Geita akaanza kuuliza maswali. Mama yao akanipigia simu akilia: "Shemeji, njoo, watoto wananigawanyikia."

Kwa nini kaka alikuwa na uhakika kiasi kile? Nilimwuliza, naye akanikumbusha siku ya Jumapili, tarehe 12 Mei 2024. Wengi mnaikumbuka. Nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu upande wa kusini, na Afrika Mashariki nzima, Tanzania ikiwa miongoni mwa walioumia zaidi, ikabaki na intaneti ya kutambaa. Kaka alikuwa katikati ya hesabu ya duka, akakatika. Mawasiliano yaliporejea, akaingia na kukuta kila kitu mahali alipokiacha, hata tarakimu ya mwisho aliyokuwa anaiandika. Akahitimisha kuwa mashine ya mbali haisahau.

Alifundishwa nusu ya somo. Waya ulipokatika bahari, kilichokatika ni njia baina yake na mashine; mashine yenyewe pale Ibadakuli ilikuwa inawaka, na kikao chake kikamngoja. Ndivyo inavyokuwa pia mtu anapofunga dirisha la programu ya kuingilia kwa mbali kwa kubofya alama ya msalaba: ameondoka barazani, lakini jina lake, mafaili yake na programu zake bado zimo ndani. Kutoka hasa ni kuchagua neno la kutoka lililo chini ya jina lako, mashine ikafunga programu zako moja moja na kukuuliza kuhusu kila kisichohifadhiwa. Na kuwasha upya ni jambo la tatu, lisilofanana na hayo mawili, kwa sababu huvitoa vikao vyote kwa pamoja, cha aliyeamuru na cha asiyekuwa na habari.

Nilimtafuta kijana fundi kutoka mjini Shinyanga, tukaenda naye dukani siku ya Jumamosi, kaka akiwa kwenye simu. Kijana hakumwuliza mtu yeyote swali. Alifungua mahali ambapo mashine huandika matukio yake yenyewe. Sikujua kuwa pako. Humo mliandikwa nani aliingia, saa ngapi, nani alitoka, na kila mara mashine ilipozimwa kwa amri, ni akaunti ya nani iliyotoa amri hiyo. Akatusomea: usiku ule, saa tatu na dakika kumi na nne, kuwasha upya, kwa jina la kaka.

Kaka akapinga: "Ba mdogo, saa tatu nilikuwa mezani nakula na watoto."

Kijana akasema kwa upole: "Ni saa tatu ya hapa, mzee. Huko kwako ilikuwa saa nne."

Simu ikawa kimya kwa muda. Kisha kaka akasema: "Dada yuko hapo? Mpe simu." Waliyozungumza siyajui, kwa kuwa binti alitoka nayo nje, akarudi akiwa amefuta macho kwa ncha ya mtandio.

Ndugu msomaji, Qur'ani Tukufu imeipa kazi ya kuandika madeni aya iliyo ndefu kuliko zote, katika Suratul Baqara. Humo kuna mwandishi, kuna mdaiwa anayeimlisha, kuna mashahidi. Nilikuwa nikiisoma kana kwamba inamhusu mtu mwenye kalamu na karatasi. Siku ile, nimekaa juu ya mfuko wa saruji, nilijiuliza: je, deni lililo kwenye kioo lakini halijahifadhiwa limeandikwa? Sina elimu ya kutoa fatwa, na masheikh wapo. Kwa hesabu za duka, jibu nalijua.

Tulikaa tukapanga upya, na nawaeleza tuliyoyapanga kwa kuwa yanaweza kumfaa mwingine.

La kwanza lilikuwa kila mmoja awe na akaunti yake na neno lake la siri. Kwa hilo walikuwa wamekwisha tangulia, na ndilo lililomwokoa binti. Lau wangetumia jina moja, lile daftari la matukio lisingeweza kumtenganisha yeye na kaka yake. Nyumba nyingi hutumia akaunti moja kwa baba, mama, watoto na fundi. Katika mashine hiyohiyo zimo picha za harusi, wanawake wakiwa bila mitandio, na mazungumzo ya mama aliyefungua WhatsApp yake asiifunge. Mtu anayeingia kwa mbali kwa akaunti hiyo anaona yote hayo. Kuhusu WhatsApp, kila mmoja aingie katika simu yake, sehemu ya vifaa vilivyounganishwa, akitoe kila asichokitambua. Mke wangu alikuta kompyuta ya duka moja la kuchapisha bado imo, mahali alipokwenda mara moja tu kutoa nakala.

La pili, na juu yake tulibishana, ni saa ya kuwasha upya. Kaka alitaka iwe usiku wa manane, asimsumbue mtu. Fundi akakataa. Mashine iliyo mbali ikizimwa isiwake, hakuna mkono wa kuibonyeza. Na ukikosea ukachagua kuzima badala ya kuwasha upya, umejifungia nje mpaka mtu aamke aende dukani. Ibadakuli ndipo penye kituo kikubwa cha kupoza umeme, ambapo hufika njia ya kilovolti 400 itokayo Iringa ikapitia Dodoma na Singida, mwendo wa kilomita zipatazo 670, na bado wenye maduka chini ya nyaya hizo huweka mishumaa droo ya pili. Usiku wa kuamkia tarehe 1 Aprili 2024 gridi ya Taifa ilipopata hitilafu, nchi ililala gizani, na ukubwa wa nyaya haukumsaidia mtu. Basi tumekubaliana kuwasha upya kuwe asubuhi, binti akiwa amekwishafungua duka na kabla wateja hawajawa wengi, yeye amesimama mbele ya kioo na kaka yuko kwenye simu.

Fundi alituongezea jambo ambalo sikulijua. Katika kompyuta nyingi za Windows za siku hizi, kuzima na kuwasha kwa kawaida hakuianzishi mashine upya kabisa. Huhifadhi sehemu ya moyo wake katika diski ili iwake haraka, na uzito wa jana huamka nao. Ukitaka ianze upya kwelikweli, chagua neno la kuwasha upya. Ndiyo maana mtu husema, nimezima na kuwasha mara tatu na tatizo liko palepale.

Kisha kuna kujiwasha upya kwa mashine yenyewe, baada ya kupokea masasisho. Windows huweka saa za kazi ambazo haitajizima bila ruhusa, na kama hukuzibadilisha mara nyingi huwa saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni. Hizo ni saa za ofisi. Duka la Ibadakuli lipo wazi hadi magharibi na kupita, hivyo tumezirefusha. Mwisho unaoruhusiwa ni saa kumi na nane. Mdogo wao alipendekeza masasisho yafungwe yasije kabisa, tupumzike. Nilielewa hamu yake, ila fundi alimkumbusha ya Mei 2017, kirusi kiitwacho WannaCry kilipofunga kompyuta katika nchi nyingi, zikiwemo za hospitali za Uingereza, na kudai fidia. Dawa ya tundu lile ilitolewa na Microsoft tangu Machi ya mwaka huo. Walioumia walikuwa hasa wale ambao dawa haikuwafikia au hawakuipokea. Na dawa nyingi za namna hiyo hazifanyi kazi mpaka mashine iwashwe upya.

Betri ya akiba, ile iitwayo UPS, imenunuliwa pia. Haitaendesha duka; inatoa dakika chache za kuhifadhi na kutoka kwa heshima, na hizo zinatosha.

Jambo jingine tulilogusa lilikuwa zito kidogo, maana lilimhusu mtu wa nje. Fundi wa zamani wa duka, aliyeipanga mashine miaka miwili iliyopita, bado alikuwa na ufunguo wa kuingilia kwa mbali. Hakuna aliyemtuhumu kwa lolote. Lakini kazi yake ilikwisha, na ruhusa hufuata kazi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inazuia kuingia katika mfumo wa kompyuta bila haki, na kifungu chake cha 5 kinazuia pia kubaki humo baada ya muda ulioruhusiwa kupita. Nilipokisoma nilikipenda kifungu hicho. Mgeni aliyekaribishwa chakula cha mchana akikutwa sebuleni alfajiri, karibu ya mchana haimsaidii. Tulimpigia simu yule fundi, tukamshukuru, tukamweleza kuwa tunabadilisha neno la siri, naye akasema ni sawa na kwamba alishangaa hatukufanya hivyo mapema.

Mzazi anayesoma safu hii na ambaye mwanawe yuko Doha, Dubai au London asidhani ninamwambia amfungie mtoto mlango. Namwomba ajue tu mlango uko wapi. Na akipigiwa simu na sauti asiyoijua, ikijidai ni ya benki au ya kampuni ya simu na kumtaka apakue programu ili "wamsaidie kwa mbali", akate simu hiyo bila hata kuaga, ingawa katika mengine yote tunasisitiza kuaga.

Na hodi? Hiyo haikuhitaji fundi. Kabla ya kuingia, kaka humwandikia dada yake ujumbe wa neno hilo moja. Yeye hujibu karibu, au hujibu subiri, au hajibu. Asipojibu, kaka haingii, hata kama mashine ingempisha baada ya nusu dakika. Siku moja alingoja hadi saa sita usiku ya Muskati, kisha akalala bila kukagua hesabu. Kumbe binti alikuwa msibani na simu ameiacha nyumbani. Daftari la karatasi nalo limerudi juu ya meza, kubwa, lenye jalada jekundu, na mdaiwa hutia sahihi yake humo mbele ya mama, ambaye siku hizi hukaa dukani kuanzia adhuhuri na anasema ni kwa ajili ya upepo.

Kuhusu yale madeni kumi na moja, binti aliyakumbuka majina tisa kwa kichwa. Wanane wamekiri na kulipa au kupanga kulipa; mmoja alikuja mwenyewe kabla hajaulizwa, na huyo tunamwombea kheri. Wa tisa anasema alichukua mabati kumi, binti anasema kumi na mbili, na wamesuluhishana kumi na moja. Wawili waliobaki hawajajulikana hadi ninapoandika. Kaka ametaka thamani ya mali hiyo ikatwe katika fungu lake pekee, lisiguse haki ya mama wala ya ndugu zake. Binti amekataa, anasema nusu ni yake kwa kutohifadhi. Mama amewaambia wangoje mpaka baada ya mavuno, huenda wawili hao ni watu wa shamba.